Ndani ya Kibodi ya Mama

Jumapili moja ya mwezi wa nne, mvua ikipiga mabati ya jirani hadi ikabidi tuongee kwa sauti, niliipindua kibodi ya Mama kifudifudi kwenye meza ya kulia na kushika patasi. Patasi ndogo tu, ya milimita 6, ile fundi wa mbao hutumia kuchimbia bawaba za mlango. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi.

"Ukishakata, zinarudi?" akauliza.

"Hazirudi, Mama."

Akaangalia kibodi, akaniangalia mimi, akarudi kwa ugali wake. Nikaweka patasi chini. Siku hiyo sikukata kitu.

Nilichotaka kukata ni ribiti za plastiki, vichwa vyake vidogo kama punje za mtama, ambazo zinashikilia matumbo ya kibodi hiyo yasiachane. Kuzikata ndiyo njia pekee ya kufika ndani kabisa. Kibodi yenyewe ni ya IBM, ile inayoitwa Model M, na ina uzito wa zaidi ya kilo 2. Ukimwangushia mtu mguuni atakukumbuka. Ilikuwa imekaa juu ya kabati la Mama tangu nikiwa darasa la sita, imefungwa kwa leso. Ili nieleze kwa nini nilitaka kuifungua na kwa nini niliogopa, inabidi nianze na kibodi nyingine kabisa, ya bei ya kawaida, niliyonunua kwa mkopo wa simu.

Mimi hula kwa vidole. Nasikiliza rekodi za watu wa ng'ambo wakihojiana kuhusu bima, kanisa, mbwa na talaka, na naandika kila wanachosema. Vijana wengi Nairobi wanaifanya hii kazi ya unukuzi. Unalipwa kwa dakika ya sauti, sio kwa saa uliyokaa kitini, kwa hivyo kila sekunde ambayo kidole kinapoteza unailipia wewe mwenyewe. Siku hizi programu ndiyo inaandika rasimu ya kwanza, sisi tunasahihisha tu, na malipo yamepungua kufuatana na hilo. Vidole vikaanza kuniuma kwenye kibodi bapa ya laptop. Jamaa mmoja tunayefanya kazi naye akaniambia ninunue kibodi ya swichi, ile ambayo kila kitufe kina mashine yake ndogo chini. Nikanunua ya Kichina yenye swichi za buluu. Ilikuwa tamu kwa wiki sita. Halafu herufi E ikaanza kujirudia. Nikimwandikia dada yangu "pesa" inatoka "peesa", naye anadhani namwimbia.

Sikuwa na risiti wala subira, kwa hivyo nikaifungua ile swichi. Ganda lake limefungwa kwa vijino vinne. Nilivitegua kwa ncha za kibanio cha nyusi. Springi ikaruka, ikatua kwenye kikombe cha chai. Ndani hakuna siri kubwa. Kuna springi, kuna kijiti cha plastiki kinachopanda na kushuka, na pembeni kuna vijibati viwili vya chuma vinavyotazamana. Kijiti kina miguu inayosukuma kijibati kimoja kikae mbali na mwenzake. Ukibonyeza, miguu inashuka, kijibati kinaachiliwa, kinamgusa mwenzake, umeme unapita. Mimi nilikuwa nimedhani miaka yote kwamba kidole changu kinaunganisha kitu. Kumbe kazi ya kidole ni kuondoa kizuizi tu, na chuma kinajirudia chenyewe mahali kinapotaka kuwa.

Na ule mlio wa "tik"? Kwenye swichi ya buluu kijiti kina vipande viwili. Kipande cha chini ni kama kikoti cheupe kinachoteleza. Ukibonyeza, kikoti kinakwama kwenye kijibati, kinasubiri, halafu kinachomoka na kugonga chini. Plastiki kwa plastiki. Umeme wenyewe hauna sauti. Mtu alikaa akaamua kwamba kibodi ilie, akaiwekea kifaa cha kulilia.

Tatizo langu lilikuwa uchafu tu kati ya vijibati. Spiriti kidogo, pamba, na E ikatulia. Lakini lile swali likabaki kichwani: nani aliamua?

Swichi niliyofungua ni nakala. Umbo lake asili ni la Cherry, kampuni iliyoanzishwa na Walter Cherry jimbo la Illinois, Marekani, mwaka wa 1953, ambayo baadaye ilihamia Ujerumani na kuwa Wajerumani kabisa. Mapema miaka ya 1980 walitoa swichi wanayoiita MX. Wakati huo Ujerumani ilikuwa na viwango vya ofisi vilivyotaka kibodi iwe fupi, safu ya katikati isiinuke zaidi ya milimita 30 kutoka mezani, ili mikono ya mfanyakazi isiumie. Swichi ndefu za zamani zikakosa pa kuingia. MX ikabuniwa ndani ya kimo hicho: kitufe kinashuka milimita 4 na umeme unashika karibu nusu ya safari. Hataza zake zilipoisha muda, viwanda vya China kama Kailh, Gateron na Outemu vikaanza kutengeneza zao, ndiyo maana mtu kama mimi anaweza kumudu.

Baada ya hapo nikawa mgonjwa wa kufungua vitu. Nilienda Luthuli Avenue, kwa fundi mmoja ambaye kibanda chake ni rundo la skrini zilizokufa na kiti kimoja.

"Fundi, uko na kibodi za kitambo?"

"Za kitambo za kufanyia nini, madam?"

"Za kufungua tu."

Alicheka hadi jirani yake akatoa kichwa kuona. "Hizi huwa zinaenda kwa watu wa plastiki, kwa kilo. Chukua tatu, nipe mia tatu."

Nikatoka na tatu. Moja ilikuwa nyepesi kama sahani ya karatasi, hiyo nitairudia. Ya pili ilikuwa Cherry ya kweli, ya zamani, swichi nyeusi, ambazo hazilii wala hazikwami, zinashuka tu moja kwa moja dhidi ya springi ya kama gramu 60. Nilizifungua kumi. Kwa macho tu hungejua kwamba ni mashine ya miaka thelathini na kitu. Pale vijibati vinapokutana pamewekwa vipande viwili vyembamba vya dhahabu, kimoja kimelazwa hivi na kingine vile, kama msalaba. Vikikutana vinagusana kwa nukta moja tu, na vumbi halina pahali pa kukalia. Ukiona hiyo kwa lenzi ya simu unamheshimu mtu ambaye humjui.

Ya tatu ilikuwa Apple, ile kibodi kubwa ya 1987, ambayo fundi aliniambia ilitoka kwa mchoraji wa matangazo. Swichi zake ni za Alps, kampuni ya Japani. Hizo zinafunguka kwa kubanwa ubavuni, na ndani zina sehemu nyingi kuliko Cherry. Kikasha cha umeme kimekaa peke yake kando kama chumba cha mgeni, na kijibati cha upande wa pili kinaleta ule mkwamo unaousikia kidoleni. Watu huziimbia sifa. Zangu zilikuwa zimejaa vumbi na zilikwaruza kama mlango wa choo cha shule. Alps haipendi uchafu, na Nairobi haijui kingine.

Nilikuwa nimezipanga springi kwenye gazeti, kwa ukubwa, Mama alipopita akasimama. Ni mtu wa maneno machache siku za wiki.

"Yangu haina hizo," akasema.

"Haina springi?"

"Inazo. Lakini si hivyo. Yangu ulikuwa unaisikia hata ukiwa ofisi ya tatu." Akaenda chumbani, nikasikia kiti kikiburutwa, akarudi na ule mzigo wa leso.

Mama alisomea upigaji chapa chuo fulani cha mjini, kwenye taipureta za mkono. Anasema mwalimu alikuwa anafunika mikono yao kwa kitambaa wasione herufi, halafu anapiga rula mezani, na darasa zima linapiga kwa pamoja kama ngoma. Alimaliza na maneno 60 kwa dakika na hati mkato. Mwaka wa 1984 akaajiriwa na mawakili fulani mjini, ghorofa ya nne, na huko ndiko alikokutana na taipureta ya umeme ya IBM, Selectric, ile yenye kijimpira cha herufi kinachozunguka na kugonga karatasi badala ya vile vyuma vinavyoinuka kimoja kimoja. Selectric ilitoka 1961. Ukimtajia mpaka leo anachezesha vidole hewani.

Nikaelewa baadaye, nikisoma, kwamba Selectric ndiyo iliyowatia IBM taabuni. Walikuwa wameuzia ofisi za dunia mashine ambayo wapiga chapa waliipenda. Walipoanza kutengeneza skrini za kompyuta kubwa, waliokuwa wanatarajiwa kukaa mbele yake ni watu walewale: wanawake, wengi wao, wenye masikio yaliyozoea mgongo wa chuma kwa kila herufi. Tangu Christopher Latham Sholes apate hataza ya kwanza ya mashine yake 1868 kule Milwaukee, na Remington, watu wa bunduki na vyerehani, waanze kuiuza miaka ya 1870, taipureta ilikuwa inamjibu anayeipiga. Herufi imegonga, umesikia, songa mbele. Kompyuta haikuwa na haja ya kugonga kitu. Ilikuwa kimya, na mpiga chapa aliyenyamaziwa anasita, anaangalia juu, anapoteza kasi.

Kwa hivyo IBM wakafanya kitu ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Ndani ya baadhi ya kibodi zao za terminali za miaka ya 1970, zile za springi bapa zilizojaa vipuri, waliweka kinyundo cha sumaku-umeme ambacho kazi yake pekee ni kugonga ganda la kibodi kila herufi inapoingia. Kelele tupu. Mtu alichora, akapitishiwa bajeti, kiwanda kikatengeneza, ili dada wa ofisini asikie anachozoea kusikia.

Zile kibodi zilikuwa nzuri lakini ghali. Ndipo anaingia Richard Hunter Harris, mhandisi wa IBM. Hataza yake namba 4,118,611 ilitolewa Oktoba 1978, na ndiyo iliyokuwa imelala juu ya kabati letu.

Chukua rula ya plastiki, ile ya shule. Isimamishe wima mezani, weka kiganja juu, sukuma chini. Kwa muda haitikisiki, inakupinga tu. Ongeza kidogo, na ghafla inachomoka upande, na nguvu yote inaisha mkononi mwako. Leonhard Euler alishafanya hesabu ya jambo hilo karne ya 18, akionyesha kwamba nguzo nyembamba ina uzito wake maalumu, na ukiupita haipindi polepole bali inajisalimisha mara moja. Wajenzi wa maghorofa wanaliogopa hilo. Harris alilipenda. Aliichukua springi ya kawaida, akaisimamisha ndani ya kijimwinzi cha plastiki, akaiwekea mguuni kibati kidogo kinachoweza kubembea. Kitufe kikishuka kinaikandamiza springi kutoka juu. Springi inavumilia, inavumilia, halafu inapinda ghafla na kugonga ukuta wa mwinzi. Hapo ndipo mlio. Na kwa kupinda huko, mguu wake unakipiga teke kile kibati, kinabembea mbele, herufi inaingia.

Nilikaa na kitufe kimoja, cha K, kama nusu saa. Nilikuwa nimetoa kofia yake nikawa nasukuma springi kwa penseli, nikiiangalia ikichomoka. Kwenye swichi yangu ya buluu, mlio umewekwa karibu na umeme, ili ufanane nao. Kwa Harris ni tukio moja. Ukisikia, imeandika. Haiwezi kulia bila kuandika, na haiwezi kuandika bila kulia, labda iwe mbovu. Aliondoa ule uwongo wa kinyundo cha sumaku na akapunguza gharama kwa mkono huohuo.

Kompyuta ya kwanza ya IBM ya watu wa kawaida, Agosti 1981, ilikuja na kibodi ya namna hii, Model F, yenye vitufe 83. Chini ya springi zake kulikuwa na bodi ya umeme inayosoma jinsi kibati kinavyosogea, bila vyuma kugusana. Katikati ya muongo huo ikafuata Model M, ambayo wahasibu waliifikia kabla yangu. Bodi ile ikatolewa, ikawekwa tando za plastiki zilizochapwa njia za umeme, na badala ya kufunga kwa vyuma wakayeyusha vichwa vya plastiki. Ribiti. Vitufe vikawa 101 kwa Wamarekani na 102 kwa Waingereza, na huo mpangilio, mishale pale, namba pale, safu ya F juu, ndio mpaka leo uko kwenye meza za dunia nzima. Ya Mama ni ya Waingereza. Ina alama ya pauni juu ya 3, namba 1391406 kwenye kibandiko cha mgongoni, na tarehe ya 1990. Za aina hiyo IBM walikuwa wanatengenezea Greenock, Scotland. Herufi zake hazijafutika hata moja, kwa sababu wino umepikwa ndani ya plastiki, haukupakwa juu.

Sasa ile kibodi ya kwanza ya Luthuli, nyepesi kama sahani ya karatasi. Niliifungua kwa bisibisi moja, dakika tatu. Ndani kuna shuka la mpira lenye vichuguu, tando za plastiki, basi. Hakuna swichi. Kidole kinakunja kichuguu, kichuguu kinagusa utando. Miaka ya 1990 karibu kampuni zote zilihamia huko, na sababu inayotajwa kila mara ni bei. Bei ya kompyuta ilikuwa inaanguka, na huwezi kuweka kibodi ya pesa nyingi kwenye mashine ya pesa kidogo. IBM wenyewe walikitenga kitengo chao cha Kentucky mwaka wa 1991 kikawa Lexmark, na Lexmark walipoacha kibodi mwaka wa 1996, mitambo ikachukuliwa na Unicomp, kampuni ndogo ambayo bado inaziuza.

Lakini mimi naona kuna sababu nyingine, na hii ni yangu, sijaitoa popote. Kibodi nzuri ilikuwepo kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupiga chapa siku nzima, na muda wake ulikuwa unahesabiwa. Kompyuta ilipofika kwa kila meza, wakili akaanza kuandika barua zake mwenyewe, vidole viwili, polepole, na hakuna aliyekuwa anamhesabia. Yeye hakuhitaji springi ya Harris. Yule aliyeihitaji alikuwa anatolewa chumbani.

Mama alitolewa 1999. Miezi sita kabla, aliipiga chapa yeye mwenyewe orodha ya kwanza ya walioachishwa kazi, kwenye kibodi hii, majina manne, mawili ya marafiki zake, na aliambiwa asimwonyeshe mtu. Yake ilipofika ilikuwa imeshachapwa na mtu mwingine. Wiki hiyo ofisi ilikuwa imeleta kompyuta mpya zenye kibodi nyepesi, na za zamani zimepangwa kwenye korido zikingoja kutupwa. Aliomba moja. Mlinzi akamsaidia kuibeba hadi steji.

Kwa miaka mitatu alipiga chapa nyumbani, kwenye kompyuta ya mtumba, tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu na katiba za vikundi vya akina mama. Mimi nililala na huo mlio. Nikiusikia najua karo ipo. Mwaka wa 2002, nikiwa darasa la sita, nilipita na kikombe cha uji nikajikwaa kwa waya. Uji ukaingia wote. Safu nzima ya herufi ikafa pale pale. Hakunichapa. Alipangusa, akaiweka juani siku mbili, akajaribu, akaifunga kwa leso. Akanunua ya mpira, akawa anakosea, halafu saiba zikafunguka kila kona na wateja wakaacha kuja. Hatukuwahi kulizungumza hilo, na mimi sikulisahau.

Kwa hivyo unaelewa ile patasi. Tando ziko katikati kabisa, kati ya bamba la chuma lililopindwa na ile plastiki ya miinzi, na ribiti ndizo zinafunga zote. Ribiti kadhaa zilikuwa zimeshavunjika zenyewe. Ukiitikisa unasikia vichwa vyao vikicheza ndani kama mchanga kwenye kayamba. Ningeweza kuiacha hivyo, mfu lakini nzima. Au nikate, nitoboe mashimo mapya, nifunge kwa skrubu. Na kama nikipasua plastiki nikitoboa, imeisha.

Jumatano jioni Mama aliketi mkabala nami. "Umesema haifanyi kazi hata sasa."

"Safu ya katikati haifanyi."

"Basi kata. Mimi siwezi kuizika ikiwa haijafunguliwa."

Kukata kulichukua nusu saa. Vichwa vinaruka kama popcorn. Bamba likatoka, tando zikatoka, chini yake kuna shuka jembamba la mpira, na nilipolifunua shuka bila kufikiri, vibati vyote pamoja na springi zao vikamwagika mezani na sakafuni. Tulipiga magoti wote wawili na tochi ya simu. Cha mwisho Mama alikipata chini ya friji, pamoja na shilingi ishirini.

Na uji ulikuwepo. Baada ya miaka hiyo yote, doa la kahawia kwenye utando, ukubwa wa kiganja cha mtoto, na chini yake njia za umeme zimeliwa zikawa nyeusi. Nilipima kwa mita: tatu zimekatika. Nilizisafisha kwa spiriti, nikazichora upya kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme, ile ya kurekebishia nyaya za vioo vya nyuma vya magari, niliyoipata Kirinyaga Road kwa jamaa aliyetaka kujua gari langu ni aina gani. Mashimo nilitoboa kwa ncha ya milimita 1.5, kwa mkono, usiku mbili. Pahali pamoja plastiki ilipasuka, kwenye kona, na nilitoka nje nikasimama kwa ngazi kidogo. Skrubu za milimita 2 na nati zake nilinunua kwa watu wa saa.

Kurudisha vitufe kuna ujanja wake. Unaisimamisha kibodi wima, kitufe cha nafasi kikiangalia juu, ili kila springi ikae katikati ya mwinzi wake ndipo ubonyeze kofia ishike. Vitufe 102. Nikaiunganisha kwa laptop kupitia kigeuzi, na safu ya katikati ikaandika. A, S, D, F. Nikafungua rekodi ya kazi, mzee mmoja wa ng'ambo anaelezea paa la nyumba yake, nikaanza kuandika kwa kasi kuliko kawaida yangu, nyumba nzima ikilia.

Mama alikuwa jikoni, bomba limefunguliwa, redio inaongea. Hakugeuka.

"N yako imekaa vibaya," akasema.

Nikaibonyeza N. Ilikuwa inaandika sawasawa. Nikaibonyeza tena, kisha M, kisha N, sikio karibu na meza. Ya N ilikuwa butu kidogo, kama imefunikwa kidole. Nikaisimamisha kibodi wima, nikaitoa kofia, springi ilikuwa imeegemea upande. Nikaigusa kwa penseli ikarudi katikati.

"Sasa?" nikauliza.

"Piga nisikie."